Misali: Siku moja baharini na haki ya wenye bahari

Miongoni mwa neema ambazo Mwenyezi Mungu (SW) amewatunuku watu wa mwambao, bahari ni ile tunayoiona kila siku na kuitafakari mara chache. Katika Sura ya An-Nahl tunakumbushwa kuwa bahari ilitiishwa kwa manufaa ya wanaadamu: chakula chao kikatajwa mwanzo, kisha mapambo, kisha safari za kutafuta riziki, na mwisho wa yote ikatajwa shukrani. Wazee wetu waliyajua matumizi hayo yote. Walivua, walizamia lulu na kombe, walisafiri kwa majahazi hadi Uarabuni na Bara Hindi.

Siku hizi yameongezeka matumizi mengine, nayo ni matembezi. Watu sita au wanane hukodi mashua au boti ya faiba asubuhi, wakaenda kwenye mwamba wa matumbawe, wakavaa miwani ya maji na bomba la kupumulia, wakaelea juu ya maji wakitazama samaki. Mchana hupumzika ufukweni. Alasiri huvua kwa mshipi, na njiani hubahatika kuwaona pomboo au kasa. Kabla ya magharibi huwa wamerudi bandarini. Zamani tukidhani jambo hili ni la wageni kutoka Ulaya tu. Leo familia za Unguja, Pemba, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa nazo hulifanya, hasa katika siku za sikukuu na likizo za skuli.

Je, pana ubaya gani katika matembezi hayo? Kwa asili yake hapana. Kutazama maumbile ya Mola na kuyazingatia ni jambo lililosisitizwa katika dini yetu. Hata hivyo, ndugu msomaji, chini ya mashua ile pana mali, na mali ile ina wenyewe. Wiki hii tumeona vyema tuizungumze siku moja ya namna hiyo katika kisiwa cha Misali, ili tuulizane swali ambalo wavuvi wetu wamekuwa wakiuliza kwa muda mrefu: mwamba unapofungwa, hufungwa kwa ajili ya nani?

Kisiwa cha msala

Misali ni kisiwa kidogo kilichopo karibu kilomita 10 magharibi ya pwani ya Pemba, kuielekea Chake Chake. Ukubwa wake haufiki kilomita moja ya mraba. Hakina mji wala wakaazi wa kudumu. Wenyeji wake ni ndege, popo, tumbili, kaa wa nchi kavu, na wavuvi wanaopiga dago kwa siku chache kisha wakarudi makwao. Upande wake wa magharibi chini ya bahari hushuka ghafla, kwani mkondo wa Pemba unaokitenganisha kisiwa hicho na bara una kina cha mamia ya mita. Maji ya kina hicho ni safi, na ndiyo sababu matumbawe ya Misali yalipata sifa.

Kuhusu jina lake, wazee wa Pemba wana masimulizi. Husimuliwa kuwa Nabii Khidhri aliwatokea wavuvi akawaomba msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akawaambia kuwa kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, basi kitamtosha kuwa msala. Haya ni masimulizi ya wazee wala si Hadithi, nasi tunayachukua kwa kiasi hicho. Lakini anayeitazama ramani ataona kuwa Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Pemba, na kwamba Nabii Khidhri ndiye ambaye wafasiri wengi humtaja katika kisa cha Sura ya Al-Kahf, alipoitoboa jahazi ya maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Aliitoboa ili mfalme dhalimu asiwanyang'anye. Kwa hiyo jina la Misali linamkumbusha anayejua kuwa chombo cha maskini ni amana, na kwamba wako wenye nguvu wanaokitamani.

Historia ya karibuni ya kisiwa hicho haiko mbali na kisa hicho. Katika miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa kwa mwekezaji wa hoteli. Wavuvi walipinga, wakasaidiwa na watu wa mazingira, na mpango ule ukaondoshwa. Mwaka 1998 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilikitangaza kisiwa na bahari inayokizunguka kuwa eneo la hifadhi, na sehemu ya mwamba wa magharibi ikafungwa isivuliwe kabisa. Mwaka 2005 hifadhi hiyo iliingizwa ndani ya hifadhi kubwa zaidi ya mkondo wa Pemba, ijulikanayo kwa kifupi PECCA.

Sheria peke yake haikutosha. Bahari ni pana, boti za doria ni chache, na mwenye njaa hasomi mabango. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la CARE likashirikiana na IFEES, taasisi ya Kiislamu ya mazingira yenye makao Birmingham, Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid. Mafunzo yalitolewa kwa wavuvi, walimu wa madrasa na maimamu kuhusu yale ambayo Qur'ani na Sunna zinayasema juu ya viumbe, ubadhirifu na uharibifu. Hapakuletwa dini mpya. Wavuvi walikumbushwa waliyoyasoma chuoni utotoni. Habari za jambo hilo zilienea duniani, kwa kuwa wengi walistaajabu kuona minbari ikifanya kazi ambayo boti ya doria ilishindwa kuifanya.

Asubuhi: kuelea juu ya mwamba

Safari ya Misali hupangwa kwa upepo na maji. Nyakati za matlai na wakati kaskazi ni nyepesi, bahari hutulia na macho huona mbali chini ya maji. Kusi likikaza, nahodha mwenye akili hukataa kutoka hata akiongezwa fedha, na abiria mwenye akili humshukuru. Watu wa visiwani hatuhitaji kukumbushwa sana. Msiba wa MV Spice Islander wa Septemba 2011, uliowachukua mamia ya ndugu zetu waliokuwa wakielekea Pemba, ulitufunza thamani ya kutojaza chombo kupita kiasi. Kikundi kidogo ni salama kwa abiria, na kila mmoja apate jaketi la kujiokolea, mtoto kabla ya mtu mzima.

Mashua ikifika, jambo la kwanza ni nanga. Nanga ikitupwa juu ya matumbawe, huvunja kwa dakika moja kitu kilichojengwa kwa miaka mingi. Tumbawe silo jiwe kama wengi wanavyodhani. Ni kundi la wanyama wadogo mno, wanaoishi pamoja na mimea midogo zaidi ndani ya miili yao. Mimea hiyo huwalisha kwa nuru ya jua, nao huijengea nyumba ya chokaa. Aina zile kubwa za mviringo hukua kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka. Mwamba wenye kimo cha mtu una umri wa kupita babu wa babu yetu. Kwa hiyo nanga hutiwa mchangani, au chombo hufungwa kwenye boya.

Wanaoingia majini huelea, wala hawasimami. Mguu mmoja juu ya tumbawe huua, na tumbawe nalo hukata mguu. Nguo ndefu za kuogelea, ambazo dada zetu huzivaa kwa ajili ya stara, zina faida nyingine hapa: humkinga mwogeleaji na jua, asihitaji kujipaka mafuta mengi ya ngozi, ambayo baadhi ya kemikali zake zinadhuru matumbawe machanga.

Kisha mtu hutazama. Huwaona kangaja wakipita kwa makundi, kikande akilinda shimo lake, na chewa akiwa ametulia chini ya jabali. Humsikia pono kabla hajamwona, kwani mdomo wake mgumu hukwangua mwamba kwa sauti. Pono hula majani ya baharini yaliyoota juu ya mawe, hula na chokaa pamoja nayo, kisha huitoa ikiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe ambao watoto wetu huuchezea ufukweni imepita matumboni mwa pono. Bila ya pono na tasi kuyala majani hayo, mwamba hufunikwa, na matumbawe machanga hukosa mahali pa kushika.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, matumbawe katika sehemu nyingi za Bahari ya Hindi yakapauka na mengi yakafa, na Misali haikusalimika. Joto likaja tena mwaka 2016, na Aprili 2024 wataalamu walithibitisha kuwa matumbawe yalikuwa yakipauka katika bahari zote kuu za dunia. Mvuvi wa Pemba hakulileta joto hilo. Lililo katika uwezo wake, na katika uwezo wa mgeni, ni kuuacha mwamba na samaki wake wa kuusafisha, ili ukijeruhiwa uweze kupona.

Mchana: sala na chakula

Adhuhuri hukuta watu ufukweni. Msafara uliopangwa vyema huijua saa ya sala kama unavyoijua saa ya maji kupwa. Maji ya kunywa ni machache katika chombo, na hili si tatizo jipya. Abu Huraira (RA) amepokea kuwa mtu mmoja alimwendea Mtume (SAW) akamweleza kwamba wao hupanda bahari na maji matamu waliyo nayo ni kidogo, wakitawadhia watapata kiu. Akajibiwa kuwa maji ya bahari yanatwaharisha, na kwamba mfu wa bahari ni halali. Jibu lilizidi swali, kwa kuwa anayekosa maji baharini huenda akakosa na chakula.

Baada ya sala na chakula, mifuko ya plastiki na chupa hurudi kwenye mashua. Kombe na makoa yaliyo hai huachwa. Hata ganda tupu lina mpangaji wake, kwani kaa wengine huhamia humo.

Alasiri: mshipi na mizani

Uvuvi wa matembezi hufanywa nje ya eneo lililofungwa, kwa mshipi na ndoana. Juya, baruti na utupa havina nafasi katika mazungumzo haya. Hivyo huua mzazi na mtoto pamoja, na kuacha jangwa.

Lakini hata mshipi una adabu yake. Chewa wa aina nyingi huanza maisha akiwa jike, na baadaye, akishakuwa mkubwa, hugeuka dume. Anayejivunia kuwatoa chewa wakubwa wote wa mwamba mmoja huwaondoa madume, na mayai ya msimu ujao hukosa wa kuyarutubisha. Changu mdogo akirudishwa majini kwa mkono ulioroweshwa, upesi na bila ya kubanwa, anaweza kuishi. Basi kipimo ni chakula: zivuliwe zile zitakazoliwa jioni ile, na mshipi ukunjwe.

Wako wanaovua kwa ajili ya kupiga picha, wakamning'iniza samaki mpaka akakata roho, kisha wakamtupa. Mtume (SAW) alikataza kiumbe chenye roho kisifanywe shabaha ya mchezo, na imepokewa kuwa ndege mdogo aliyeuliwa bure atashitaki kwa Mola wake Siku ya Kiyama. Halali ya samaki ni halali ya kula. Hatuoni njia ya kuifanya iwe halali ya kuchezea.

Kasa na pomboo

Fukwe za Misali huzaliwa na kasa wa aina mbili, kasa wa kawaida na ng'amba. Jike hupanda usiku, akachimba, akataga, akafukia na kurudi baharini. Anayemulika taa au kumzunguka humrudisha kabla hajataga. Na kasa anayeonekana majini hupumua hewa kama sisi. Akifukuzwa na waogeleaji asiweze kupanda juu kuvuta pumzi, huwa anateswa.

Kumla kasa ni kosa kisheria, na pia kuna hatari ambayo Pemba imeijua kwa machozi. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Novemba 2021 watu 7 walifariki kisiwani Pemba kwa kuila. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, walifariki watoto 8 na mtu mzima mmoja, na makumi wakalazwa hospitali. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira wazazi wao. Yule anayewatembeza wageni kumtazama kasa akiwa hai anapata riziki isiyoleta maziko.

Kuhusu pomboo, tujifunze kwa ndugu zetu wa Kizimkazi, Unguja, mji wenye msikiti ambao maandishi ya mihrabu yake ni ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Zamani pomboo wa huko waliuliwa wakafanywa chambo cha papa. Katika miaka ya 1990 watu waligundua kuwa pomboo hai analipa zaidi ya chambo, na eneo la Ghuba ya Menai likawa hifadhi mwaka 1997. Hilo ni jema. Lakini kisha boti zikawa nyingi, na watafiti wameona kuwa pomboo hupumzika kidogo zaidi boti zinapowazunguka. Nahodha mwema huwapita kwa ubavu, hupunguza mwendo, hawakati njia, wala haangushi watu mbele yao. Wakiondoka, huwaacha waende.

Mwamba umefungwa kwa ajili ya nani?

Sasa tulirudie swali letu. Mvuvi wa Pemba anaambiwa asivue kwenye mwamba wa magharibi. Anakubali, naye amewaacha watoto nyumbani wanaosubiri kitoweo. Kisha anaiona mashua ya matembezi ikiingia pale pale alipokatazwa. Akiuliza kulikoni, haulizi kwa husuda. Anaulizia haki.

Uislamu unaijua hifadhi. Mtume (SAW) aliifanya Madina kuwa haram, akakataza mawindo yake na kukatwa kwa miti yake, na aliitenga Naqi' kuwa hima, malisho yanayolindwa kwa manufaa ya umma. Lakini somo kubwa tunalipata kwa Umar bin Khattab (RA). Alipomweka Hunayy, mtumwa wake aliyeachwa huru, kuwa msimamizi wa hima, alimuusia amwache aingie mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awe mwangalifu na mifugo ya Uthman bin Affan na Abdurrahman bin Auf. Sababu aliitaja: mifugo ya matajiri hao ikifa, wana mashamba na mitende ya kurejea. Maskini mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake kwa Amirul Muuminina kutaka msaada. Uthman na Abdurrahman (RA) walikuwa masahaba wakubwa na wakarimu. Utukufu wao haukuwapa haki ya kumtangulia maskini katika malisho.

Mizani hiyo ndiyo tunayoitaka baharini. Mwamba uliofungwa hunufaisha mvuvi kwa sababu samaki hukulia humo, huzaana humo, kisha hutoka nje kwenye ndoana yake. Huko Kisiwa Panza wanakijiji wamejionea kwa pweza. Pweza hukua upesi na huishi muda mfupi, basi mwamba ukifungwa kwa miezi michache tu, hufunguliwa ukiwa na pweza wazito. Kufunga kwa namna hiyo ni kuweka akiba. Mgeni anayeogelea humo bila ya kuchukua wala kuvunja hapunguzi akiba ile. Bali akivunja matumbawe, akatupa nanga ovyo, akaokota kombe, amekula katika sahani ambayo mwenyewe amekatazwa kuigusa. Marufuku inayomfunga mwenye njaa inamfunga aliyeshiba mara mbili.

Tena iko haki ya fedha. Ada anayolipa mgeni, ujira wa nahodha na mabaharia, bei ya samaki na nazi za chakula cha mchana, vyote vina nafasi ya kurudi kwa shehia zilizoacha kuvua. Kamati za wavuvi zipo. Ni vizuri hesabu zao zikasomwa mbele za watu, kiasi kilichoingia na kilikokwenda, kwa kuwa mvuvi akiona faida ya subira yake atakuwa mlinzi bora kuliko boti yoyote ya doria. Asipoiona, atakumbuka kisa cha watu wa Sabato katika Sura ya Al-A'raf, waliojaribiwa kwa samaki waliokuja juu siku iliyokatazwa, na wako watakaotafuta hila kama hao. Hatutaihalalisha hila. Lakini anayempa mwenzake mtihani bila ya haki naye ataulizwa.

Anayekusudia kwenda Misali au mwamba wowote wa mwambao wetu, basi na aulize mambo matatu kabla ya kulipa. Nahodha ni mwenyeji wa shehia za hapo? Chombo kitafungwa wapi, kwenye boya au kwa nanga? Na ada ya hifadhi inalipwa wapi, na risiti iko wapi? Majibu yakiwa mazuri, na aende na familia yake, waangalie kazi ya Mola wao, wavue cha kuwatosha, na jioni wamlipe baharia ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) azibariki riziki za wavuvi wetu, awarejeshe salama walio baharini, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuitumia neema bila ya kuifisidi. Wabillahi tawfiq.